Fyuzi Iko Mfuko wa Nani?

Siku ile naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Mama yako akisoma hapa atanuna, lakini ndio ukweli. Umeniandikia kwamba umeweka tangi la samaki wa baharini sebuleni kwako Geita, na unaniuliza ununue hita ya aina gani. Jibu nitakupa. Ila nivumilie kwanza nikueleze jinsi nilivyokaribia kumuua mama yako, na wewe ukiwa tumboni mwake.

Tulikuwa tumepanga Ngokolo, chumba na sebule. Mama yako ni mtoto wa Tanga, ameolewa bara, na hakuna siku iliyopita bila kuitaja bahari. Mimi nilikuwa fundi pampu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo kule Bugarama. Mfuko ulikuwa umetuna kidogo na kichwa kimetuna zaidi. Nikasema, kama siwezi kumpeleka baharini, nitamletea bahari nyumbani. Nikatafuta tangi la kioo, chumvi maalumu ya pakiti, na samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mama yako alilia kwa furaha, nami nikajiona bingwa.

Sasa, samaki wale wamezoea joto, na baridi yetu ya asubuhi mwezi wa saba unaijua. Kwa hiyo lazima kuwe na hita, kile kijiti cha kioo kinachozama majini na kuyapasha taratibu. Nikanunua moja kubwa. Kipimajoto sikununua, nilikuwa natia kidole tu. Waya ulikuwa mfupi, nikauunga na kuufunga tepu nyeusi, kama tulivyofanya machimboni tukiwa na haraka.

Na machimboni huko tulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuichezea. Mtu akitaka kushuka shimoni kwenye maji yenye pampu, anazima umeme, anachomoa fyuzi kwenye boksi kule juu, anaitia mfukoni mwake mwenyewe, ndipo anashuka. Hata mwenye duara afoke vipi, pampu haiwaki mpaka aliyeshuka apande na fyuzi hiyo. Aliyetuwekea sheria hiyo ni Mzee Masunga, fundi mkuu wetu, Msukuma mrefu asiyecheka hovyo. Kila aliposimama mdomoni mwa shimo aliuliza neno moja: "Fyuzi iko mfuko wa nani?" Kule niliitii sheria ile kama sala. Nyumbani niliiacha mlangoni pamoja na mabuti yangu. Nilijiambia, tangi la samaki wawili lina nini cha kuogopwa?

Asubuhi hiyo nilikuwa nabadilisha maji. Nikayapunguza hadi nusu bila kuzima hita, mara hodi ikabishwa. Kumbe ni Mzee Masunga, amekuja kututembelea. Shikamoo, marahaba, habari za Bugarama, chai ikaletwa, nikasahau kabisa. Hita ikabaki nje ya maji, inawaka kavukavu. Niliporudi kwenye tangi nikamimina maji mapya, ya baridi, na kitu kikalia "ta!" Nilikisikia, mwanangu. Nikajifanya sikukisikia, kwa sababu nilikuwa na mgeni.

Mama yako akaona utando wa kijani kwenye kioo. Akatoka jikoni peku, sakafu imelowa maji niliyomwaga, tumbo limemtangulia, akakunja mkono wa gauni ili aingize mkono aufute. Samaki walikuwa wanaogelea kama kawaida. Hapakuwa na dalili yoyote ya ubaya.

"Mama, subiri," Mzee Masunga akasema, kikombe bado kiko karibu na midomo. Kisha akanigeukia mimi. "Fyuzi iko mfuko wa nani?"

Nikacheka. "Mzee, hapa si shimoni, ni sebuleni."

Yeye hakucheka. Akatoa testa mfukoni mwa koti, ile bisibisi ya mafundi yenye taa ndogo ndani ya mpini, akachovya ncha yake majini. Taa ikawaka.

Mama yako alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Mzee akaenda ukutani, akazima, akachomoa plagi, ndipo akaitoa hita. Ilikuwa imepasuka na kujaa maji. Akanieleza kwamba maji ya chumvi hupitisha umeme zaidi kuliko ya kisima. Samaki hawausikii kwa kuwa wanaelea humo humo, lakini mtu aliyesimama peku kwenye sakafu iliyolowa, umeme unampitia kwenda ardhini.

"Maji hayajui kama yako shimoni au sebuleni," akasema. "Wewe ndiye ulipaswa kujua."

Mama yako alikaa chini akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, ameshika tumbo. "Anacheza," akasema, "mtoto anacheza!" Nikamshukuru Mungu kwa sauti mbele ya mgeni wala sikuona aibu. Hata samaki walipona. Tulilifunika tangi kwa blanketi, tukatia humo chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri zielee, mpaka hita nyingine zikafika kwa basi kutoka Mwanza.

Nilisema zikafika, maana zilikuwa mbili. Na wewe nunua mbili ndogo. Moja ikigoma kuwaka, nyingine itawavusha samaki mpaka upate mpya. Moja ikigoma kuzima, haina nguvu ya kuwachemsha. Tafuta kipimajoto cha pembeni ukisome kila siku, kikae digrii ishirini na tano au sita, na usiamini namba za kwenye hita yenyewe. Waya usiunge hata kwa dawa. Uache ulegee chini kuliko soketi, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Mwite fundi akufungie kile kifaa kinachokata umeme chenyewe ukianza kuvuja. Na kabla hujapunguza maji wala kutia mkono, zima, chomoa, iache hita ipoe kama robo saa. Ukisikia kitu kimelia, mgeni atasubiri.

Siku ile wakati anaaga, Mzee Masunga alitoa mfukoni fyuzi moja ya zamani, nyeupe, akaniwekea kiganjani. Ametangulia mbele ya haki, na mimi nimekaa nayo umri wako wote. Nimeitia kwenye kifurushi utakachopokea stendi ya Geita, chini ya mchele. Iweke juu ya mfuniko wa tangi, ili kila unapotaka kuufungua, lazima uitie mfukoni kwanza.

Mungu aibariki nyumba yako, mwanangu. Mikono yako iingie majini na itoke salama, leo na siku zako zote, kama ulivyotoka wewe.