Vivuli vya Julai

Mjomba Lyle husikiliza ukuta. Sijui niseme vipi vinginevyo. Anakuwa mezani kwetu, maharage yako kwenye uma, anasimulia habari za mvua au za mbwa wa jirani, halafu anakatika. Uma unabaki hewani. Kichwa kinageukia upande wa banda la gari, naye anatulia hivyo kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitalini.

Mama, ambaye ni dada yake, humwambia, "Lyle, kula."

"Nakula."

Hutokea Julai tu. Miezi mingine mjomba ni mtu wa kawaida kabisa, mnene kiasi, mcheshi, anayevaa kofia ya chuo hata ndani ya nyumba mpaka mama amvue. Ni kocha msaidizi wa timu ya besiboli ya chuo chetu hapa Tuckaluma, na kazi yake hasa ni kusajili. Huzunguka Mississippi nzima, Alabama, hadi Texas, akikaa kwenye viti vya bati vya viwanja vya shule kutazama vijana wakirusha mpira. Akimpata anayefaa, anakwenda kwao, anakula chakula cha mama mtu, anasifu pai hata kama imeungua, na kijana anakubali kuja kwetu akimaliza shule. Hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Sehemu ngumu ni Julai, maana ndipo timu kubwa za kulipwa hufanya uteuzi. Zinaketi na kuita vijana mmoja mmoja, kwa zamu. Ukiitwa na ukatia saini, unapewa hela na unakwenda kuanza maisha kwenye timu zao ndogo, na chuo hukioni tena. Kwa hiyo mjomba anaweza kumfuatilia kijana miaka mitatu, akajua mpaka jina la paka wao, halafu mchana mmoja mtu mwenye tai akasoma jina kwenye televisheni, basi. Na wanaoitwa ni wale wazuri. Ukisajili wabovu hakuna atakayekuibia.

Nilimwuliza siku moja, "Sasa kwa nini usisajili wa wastani tu, ulale usingizi?"

"Maswali," akasema, maana ndivyo anavyoniita, jina langu Nell halitumii kabisa, "wewe ukienda sokoni unachagua tikiti maji bovu eti kwa sababu zuri litaliwa?"

Nyumbani kwetu kuna neno ambalo halitamkwi Julai. Huruhusiwi kusema juu ya kijana yeyote kwamba ameondoka. Hata kama ameitwa, hata kama picha yake akiwa na kofia mpya imejaa kwenye simu za watu wote, unasema "tutaona." Nilidhani ni miiko tu. Watu wa besiboli wana miiko mingi. Mjomba mwenyewe hakanyagi mstari wa chokaa hata kiwanja kikiwa kitupu.

Mwanzoni mwa Julai mwaka huu nilikuwa kwenye banda la gari nikimenya maharage, yeye yuko ndani akiongea kwa simu na Kocha Burdette, mkubwa wake. Mlango ulikuwa wazi. Nikamsikia akisema, "Vance wa Texas tutampoteza, hilo lijue. Lakini kivuli wake yupo. Kivuli wake ni Pettway."

Pettway ni Ansel. Ansel nilikuwa namjua tangu utotoni. Anaishi nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya mashamba ya pamba, anarusha mpira kwa mkono wa kushoto, na kiangazi hukata nyasi makaburini. Tangu alipopata nafasi ya kuchezea chuo chetu, mama yake, Bi Odessa, alikuwa akivaa fulana ya chuo hata kanisani, chini ya koti.

Mjomba alipokuja bandani nikamwuliza, "Kivuli ni nini?"

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Ni lugha yetu ya ofisini. Kijana mkubwa tukihofia timu za kulipwa zitamchukua, tunasajili mwingine nyuma yake. Wa mbele akienda, wa nyuma anashika nafasi."

"Na wa mbele asipoenda?"

"Timu ina kikomo, Maswali. Huwezi kuweka watu wote."

"Na kivuli anajua kwamba yeye ni kivuli?"

Kichwa kikageuka. Nami nikatega sikio. Nilisikia jokofu la bandani, basi.

"Unasikia nini, Mjomba?"

Ndipo aliponieleza. Sikutegemea kwamba angenieleza. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza, watu wazima humwambia ale.

Zamani, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa, alisajili mrushaji mmoja hodari sana, na nyuma yake akamweka kivuli aitwaye Wade Luckett, kijana mwembamba wa Alabama, mpole, asiye na timu nyingine inayomtaka. Julai ikafika, yule hodari akaitwa mapema sana. Shangwe, picha, kofia. Mjomba akasema ameondoka. Akampigia Wade: nafasi ni yako, mwanangu, funga mizigo. Lakini kuitwa si kutia saini. Wale wa timu wakampima yule hodari kiwiko, hawakukipenda, wakapunguza hela, baba yake akakasirika, na siku ya mwisho kabisa ya kutia saini akasema mwanawe anakwenda chuo. Yaani kwetu.

"Ukampigia Wade," nikasema.

"Nilishika simu kila asubuhi." Alikuwa anasugua magoti kwa viganja. "Nikajiambia, pengine kuna atakayeumia. Pengine kuna atakayefeli mtihani. Mtu mmoja tu akitoka, Wade anaingia, na hatajua kamwe. Kocha Burdette akasema ngoja. Nikangoja."

Wade akaja Agosti, siku wanafunzi wapya wanapohamia. Alikuja na baba yake kwenye pikapu, feni ya chumbani imefungwa kwa kamba nyuma, mito, na boksi la soda. Mjomba aliwakuta maegeshoni karibu na banda la mazoezi, akawaambia palepale, wamesimama. Baba alianza kukaza kamba za feni upya ingawa hazikuwa zimelegea. Wade akasema, "Kocha, kwa kuwa nimeshafika, naweza kurusha kidogo kwanza?" Akatoa glavu, akasimama mbele ya ukuta wa matofali wa lile banda, akaanza kurusha. Mpira unagonga ukuta, unarudi. Hakuna aliyemzuia. Familia nyingine zilikuwa zinapita na magodoro. Alirusha mpaka shati likamganda mgongoni, kisha akasema asante, akapanda gari.

"Ndiyo hiyo ninayoisikia," mjomba akasema. "Tup. Halafu unasubiri. Tup."

Usiku ule sikulala vizuri, na kesho yake nikafanya ninachofanya siku zote: nikamtafuta Wade Luckett mtandaoni. Nikampata. Yuko hai. Ana duka la matairi, ana kitambi, ana watoto wawili, na kwenye picha amemkumbatia mbuzi wa maonyesho. Nilimkimbilia mjomba na simu mkononi nikidhani nimemponya.

"Najua," akasema. "Nimepita dukani kwake. Nilinunua matairi mawili."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza kama nataka na ya mbele." Akanirudishia simu. "Hakunitambua. Au alinitambua. Yule hana neno, Maswali, yule yuko salama. Anayerusha ni yule kijana wa maegeshoni. Huyo sidhani kama alirudi kwao."

Nilizima simu na kuitia mfukoni.

Basi uteuzi ukafika. Huchukua siku mbili, na sisi hutazama kwetu kwa sababu kwake televisheni ni ndogo. Mama alikaanga kambare. Asubuhi Bi Odessa alikuwa amepita na keki nzima ya siagi, akasimama mlangoni akisema, "Ya kocha. Wengine mnaweza kunusa." Siku ya kwanza Colter Vance wa Texas hakuitwa. Mjomba akasema tutaona. Siku ya pili majina huitwa haraka haraka, kama mtu anayesoma vituo vya basi, na kila jina lililopita bila kuwa Vance, mjomba alizidi kuzama kwenye kochi. Ilikuwa ajabu kumtazama. Kocha mwingine angekuwa anaruka kwa furaha. Kila timu iliyompita Vance ilikuwa inatuachia mrushaji bora kusini nzima, na kila iliyompita ilikuwa inamfuta Ansel.

Alasiri uteuzi ukaisha. Mtu mwenye tai akakusanya karatasi zake. Simu ikalia, mjomba akaiweka kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na mafuta.

"Lyle, mzee wangu." Kocha Burdette alikuwa anacheka. "Baba yake Vance ametaja bei mpaka wote wamekimbia. Mtoto ni wetu. Nenda kanywe kitu."

"Na Pettway?"

"Pettway nani? Ah. Yule mfupi."

"Kivuli."

"Muache kwanza, usimwambie lolote. Agosti bado mbali, mtu anaweza kuvunjika kidole. Akiuliza, mwambie tunampenda."

Mjomba alitazama mikono yake. Kisha kichwa kikageuka kule kwenye banda la gari, na mama akafungua mdomo kumwambia ale, akaufunga.

"Hapana," mjomba akasema.

"Hapana nini?"

"Nakwenda kumwambia leo. Akijua leo kuna vyuo bado vina nafasi. Agosti hakuna."

"Lyle. Ukimwambia leo na Vance akiteguka kesho, mimi nina shimo, na shimo hilo nitakufukia wewe."

"Sawa, Kocha," mjomba akasema, akakata. Akanawa mikono. Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Njiani alisimamisha gari mara moja, akampigia kocha wa chuo kidogo cha masomo ya miaka miwili, kule ng'ambo ya mto. Waliongea kidogo. Nikamwuliza kama Burdette atamfukuza. "Labda," akasema, na akawasha taa za gari ingawa jua lilikuwa bado juu ya pamba.

Bi Odessa alikuwa barazani akijipepea kwa kipande cha kadibodi, na ile fulana mwilini. Alipoona uso wa mjomba aliacha kujipepea. Ansel akatoka ndani na nyasi kwenye soksi. Mjomba hakukaa. Alisema yote, wamesimama, na hakuacha hata lile neno la ofisini. Alisema: nilikusajili uwe kivuli, na sikukwambia, na nafasi haipo.

Bi Odessa aliweka kadibodi chini.

"Keki yangu umekula?" Bi Odessa akauliza.

"Nimekula, Bi Odessa."

"Irudishe."

"Mama," Ansel akasema.

"Nasema airudishe. Mtu anakaa kwenye kiti changu, ananiambia mwanangu ana mkono wa dhahabu, kumbe anatafuta spea ya gari la mwingine." Alivuta ile fulana mbele kana kwamba ataivua hapohapo, akaiachia. "Endelea. Umekuja na nini kingine?"

Mjomba akamweleza habari za kile chuo kidogo. Kocha wake anahitaji mrushaji wa mkono wa kushoto, atamtazama Ansel keshokutwa asubuhi, na akimpenda nafasi ni yake, haina mtu mbele. "Nimemwuliza mara mbili," akasema. "Haina mtu mbele."

Ansel alikuwa anachuna nyasi kwenye soksi, moja moja. "Huyo wa Texas ana urefu gani?"

"Futi sita na inchi nne."

"Basi mlikosea hesabu. Kivuli chake kingefika magotini." Hakuna aliyecheka, hata yeye. Akaingia ndani. Nilidhani ndiyo imekwisha, lakini akarudi na glavu, mpira mkononi, akatazama ukuta wa bati wa banda la trekta.

"Kwa kuwa umeshafika, Kocha," akasema, "nirushe kidogo kwanza."

Nilimwona mjomba akibadilika rangi. Ansel hakujua lolote kuhusu Wade. Ni maneno tu ambayo kijana mwenye glavu husema.

"Usirushe ukutani," mjomba akasema. "Nirushie mimi."

Kulikuwa na glavu kuukuu ya kudakia kwenye ngazi ya baraza. Akaivaa, akachuchumaa kwenye nyasi, magoti yakalia kama kuni zinazovunjwa, na Ansel akaanza kurusha. Mpira ulikuwa unaingia kwenye ngozi na mlio mzito. Mjomba anaurudisha. Bi Odessa akaanza tena kujipepea. Polepole Ansel akaongeza nguvu, na mjomba alikuwa anadaka yote, jasho linamtoka, wala hakugeuza kichwa.

Halafu Ansel akasimama na mpira mkononi.

"Nani anarusha huko nyuma?" akauliza.

"Nyuma kuna pamba tu," Bi Odessa akasema.

"Kuna mtu anarusha. Anagonga kitu."

Nikatega sikio kwa nguvu zangu zote. Sikusikia kitu. Nilisikia wadudu, na gari mbali sana. Lakini nilimwona mjomba, amechuchumaa, mdomo wazi, anamtazama Ansel kama mtu aliyeshikwa mkono gizani.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Kocha. Huyo hapo tena."

Mjomba alifumba kiganja ndani ya glavu, akakifumbua, akakiweka mbele ya kifua.

"Rusha tu, mwanangu," akasema. "Nipo." Na sikujua anamwambia nani kati ya hao wawili.