Kifuniko Kipya cha Tangi

Kuna watu Kampala wanaonijua kwa jina langu, Rajabu, na kuna wengine, wengi zaidi, wanaonijua kama yule jamaa wa kanzu iliyochanika pale mzunguko wa Mnara wa Saa, na kwa kuwa hao wa pili wamekuwa wakikisimulia kisa changu na kukitia chumvi (eti nililia, sikulia, lilikuwa jasho limeniingia machoni), nimeona heri nikisimulie mwenyewe, nijivue nguo kwa mkono wangu kabla wengine hawajanivua tena.

Sisi ni Wanubi wa Makindye, ukoo wa askari tangu kwa mababu, na baba yangu naye alikuwa polisi, wa kikosi cha pikipiki, wale waliokuwa wakitangulia mbele ya magari ya wakubwa. Pikipiki yake ya mwisho aliinunua siku ilipopigwa mnada. Ni ya Kiingereza, ya silinda moja, na ina kigari cha ubavuni, kile chenye gurudumu moja na kiti cha abiria kinachofungwa kando. Kwenye kigari hicho ndiko alikompakia mama yetu, Mungu amrehemu, siku alipomtoa kwao akiwa bibi harusi. Baadaye ikachoka, ikawekwa chini ya paa la jikoni, kuku wakaigeuza nyumba, na hapo ndipo nilipoikuta mimi nilipokuwa mtu mzima mwenye spana zangu.

Niliifufua polepole. Kama nawe una chuma cha zamani kinakungoja nyumbani usiogope, kazi hii haitaki akili nyingi, inataka mtu asiye na haraka. Unafungua kimoja, unakisafisha, unakipiga picha ili ujue kinaporudi, unaenda kingine. Siku injini ilipowaka Baba alipiga makofi kwa mkono mmoja juu ya paja, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa umelala tangu apigwe kiharusi. Kisha yakaja yale magonjwa ya utotoni ambayo kila pikipiki iliyofufuliwa huyapata: ikavuja mafuta chini, nikabadili gasketi; ikatetemeka mpaka taa ikadondoka, nikakaza upya bolti za injini; ikagoma kuwaka asubuhi, nikasafisha plagi na waya zake. Kila ugonjwa nilioutibu niliurekodi kwa sauti na kuutuma kwenye kundi letu la simu la wapenda pikipiki za zamani, na humo waliniita Mwalimu. (Mniache kidogo nilifurahie hilo jina, maana halikudumu.)

Sasa dada yangu Zamzamu akachumbiwa, na nikaha ikapangwa kufungwa Bukoto kwa baba mkubwa, Mzee Ismaili, kaka yake Baba, mwenye uwanja mpana. Mnajua nikaha zetu: baba wa binti ndiye walii, anaushika mkono wa bwana harusi na kutamka maneno ya kumwozesha, na Baba alikuwa hana jingine analolitaka duniani. Kiharusi kilimwachia ulimi mzito. Kila asubuhi baada ya chai Zamzamu alikaa mbele yake, akampa mkono wake kana kwamba yeye ndiye bwana harusi, na Baba akafanya mazoezi.

"Nimeku... nimekuoza..."

"Nimekuozesha, Baba. Usikimbie, hakuna anayekufukuza."

"Nimekuozesha binti... binti yangu..."

"Binti yako nani? Usinisahau jina, wataniozesha mwingine!"

Wakacheka wote wawili, wakaanza upya. Hakufika mwisho bila kukwama hata mara moja, lakini kila wiki alikuwa anasogea mbele neno moja.

Mimi ndiye niliyesema kwamba Baba aende kwenye nikaha na pikipiki yake. Akae pale pale alipokaa Mama. Niliposema hivyo uso wake ulifunguka, na hapo hakuna ambaye angenizuia.

Jioni ya kuamkia harusi nikaiosha, nikaing'arisha, nikarudi nyuma kuitazama, nikaona kasoro moja tu: kifuniko cha tangi. Kile cha zamani kilikuwa kimebonyea na kuota kutu, kilionekana kama jino bovu kwenye mdomo unaocheka, na mimi nilikwisha kumwagiza fundi wa kukereza chuma kule Katwe anitengenezee kipya. Alitengeneza nilichomwelekeza, wala simlaumu. Nikakifunga. Kilimetameta kama kikombe cha mshindi. Nikajaza tangi mpaka shingoni, nikaenda kulala nimeridhika, na hilo ndilo jambo lenyewe, hakuna jingine, yote mtakayoyasikia yametoka hapo.

Asubuhi baba mkubwa alimtuma shemeji na gari kuja kumchukua Baba. Nikalirudisha tupu. "Mwambieni Mzee Ismaili walii anakuja kwa heshima zake," nikasema, nimeweka mkono kiunoni, ndani ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata. Shemeji akaniuliza nina hakika, maana shehe ataozesha baada tu ya adhuhuri kisha ana ndoa nyingine ng'ambo ya mji na hawezi kusubiri. Nikamwambia tutafika kabla yake.

Tukateremka. Watoto walipunga mikono, Baba akawapungia kwa mkono wake mzima, kofia imekaa sawa, koti limefungwa vifungo vyote. Tulipofika Nsambya injini ikakohoa, ikazimika. Nikafungua kifuniko kutazama kama petroli ipo (ipo, tele), nikakirudisha, nikaifuta plagi kwa kitambaa, nikapiga kiki, ikawaka. Nikamwambia Baba, "Ilikuwa plagi." Akatikisa kichwa. Tukaenda.

Ikazimika tena katikati ya mzunguko wa Mnara wa Saa.

Wanaopajua pale wanajua pakoje Jumamosi. Nikaisukuma pembeni pamoja na Baba ndani, magari yakinipigia honi nyuma, na kabla sijaitegesha vizuri wenye boda walikuwa wamekwisha kutuzunguka.

"Hajji, hiyo ni pikipiki ama mashine ya kusaga mahindi?"

"Banange, mumemweka mzee kwenye besheni!"

"Uza kwa wa vyuma chakavu, ssebo, upate nauli ya kwenda harusi."

Akaja askari wa trafiki, koplo kijana, amekasirika na jua. "Nyinyi watu, hii ni barabara ama gereji? Toa hii kitu hapa!" Na Baba, ambaye neno moja lilikuwa linamgharimu dakika nzima, akainua kidevu ndani ya kigari na kusema kwa sauti niliyoisahau tangu utotoni: "Koplo. Pisha magari kwanza." Kijana akasimama wima bila kujua kwa nini, akapiga saluti, akasema, "Ndiyo, afande," akaenda kupisha magari. Wenye boda wakashangilia. Laiti siku ingeishia hapo.

Petroli nilikuwa nimekwisha kuiona kwa macho yangu, kwa hiyo sikuwa na haja ya kufungua tena kifuniko. Nikachomoa bomba la petroli. Likatoa matone mawili matatu kama mtoto anayelia kwa kujilazimisha, likanyamaza. Nikasema kabureta imeziba. Nikaishusha kabureta pale barabarani, kwenye kitambaa, nikaipuliza, nikaisafisha, nikaieleza (ndiyo, niliwaeleza wenye boda kila tundu na kazi yake, nafsi yangu ilinituma hivyo), nikairudisha. Wapi. Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka upande wa mjini. Nikatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu, naomba msaada, inazimika na haiwaki, nisaidieni.

Yule koplo akarudi, safari hii kwa upole. "Mzee nimtafutie gari? Kuna moja naweza kusimamisha sasa hivi."

"Dakika mbili tu," nikasema.

Koplo akamwangalia Baba. Baba akamwambia, polepole, neno kwa neno, "Mwache. Mwanangu anajua."

Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo.

Nikapiga kiki kwa hasira, mara ya kwanza, ya pili, na hapo mkono wa kiki ukakamata pindo la kanzu, nami kwa uzito wangu wote nilikuwa nashuka nao, kanzu ikapasuka kutoka chini mpaka kiunoni, mguu ukateleza kwenye mafuta niliyoyamwaga mwenyewe, nikaanguka chali katikati ya watu, na ndani nilikuwa nimevaa kaptula ya kuchezea mpira, nyekundu, yenye namba. Simu zikainuliwa zote kwa pamoja. "Namba tisa ameumia!" mmoja akapiga kelele, "leteni machela!" Hata koplo alicheka, akageuza uso.

Simu yangu ikaita. Baba mkubwa.

"Rajabu, mko wapi?"

"Tumekaribia."

"Mmekaribia wapi?"

Nikamwambia ukweli. Nikasikia nyuma yake watu wengi waliokaa wakingoja, kikohozi, kijiko kwenye glasi. Kisha akasema, bila kunikaripia, na afadhali angenikaripia, "Shehe amesimama. Mpe simu ndugu yangu."

Nikampa Baba simu yenye mafuta. Sikusikia alichoulizwa, lakini najua, maana kuna jambo moja tu ambalo ndugu humwuliza ndugu saa kama ile: unaniwakilisha, yaani unanipa uwakala niozeshe kwa niaba yako? Baba aliishika simu kwa mkono mmoja, akavuta pumzi, akasema:

"Nimekuwakilisha, kaka. Niozeshee."

Hakukwama hata kidogo. Akanirudishia simu, akafungua kifungo cha juu cha koti. Wenye boda wakaacha kucheka. Mmoja akavua kofia yake ya boda, akasema taratibu, "Bambi, mzee. Pole sana."

Hapo ndipo simu ilipolia tena, ujumbe kutoka kundini. Alikuwa mama mmoja wa Jinja anayeifufua pikipiki ya marehemu mumewe, mwanafunzi wangu msikivu kuliko wote. Ameandika: "Mwalimu, jaribu hili ulilotufundisha." Chini yake sauti. Nikaibonyeza kwa kidole cheusi, na sauti yangu mwenyewe, iliyoshiba na kutulia, ikatoka hadharani:

"Wapendwa, ikizimika wakati petroli ipo, msikimbilie kabureta. Lile kopo la maziwa ukilitoboa tundu moja halimimini, sivyo? Toboa la pili, hewa iingie, uone. Tangi nalo ni hivyo hivyo, lazima livute pumzi, ndiyo maana kifuniko kina kitundu kidogo. Mwanzo kabisa, angalieni kifuniko."

"Si ni sauti yake huyu?" mtu akauliza. "Ni yeye! Anajifundisha mwenyewe!" Nao wakaangua kicheko kilichovuka barabara.

Nilikuwa nimemwelekeza fundi wa Katwe upana, nikamwelekeza mng'ao, nikamwelekeza na meno ya kukazia. Kitundu nilikisahau. Nikakilegeza kile kikombe changu cha mshindi, tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyekuwa amezibwa mdomo, nikapiga kiki moja, ikawaka.

Ilikwenda vizuri kuliko siku zote. Nilikuwa nimefunga kanzu kiunoni kwa kipande cha mpira, na Baba alikuwa anatazama mbele. Karibu na Bukoto nilipunguza moto kuwapisha watu wanaovuka, injini ikatulia, ndipo nikamsikia. Alikuwa ameushika ukingo wa kigari kama mtu anayeshika mkono wa mwenzake, na anasema, "Nimekuozesha binti yangu Zamzamu, kwa mahari mliyokubaliana," yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kukwama. Nikaongeza moto ili nisisikie tena.

Tulikuta wanakula pilau. Na mnajua walifanya nini walipotuona? Walipiga vigelegele, wakainuka kuishangilia pikipiki, wakapanga foleni kupigwa picha nayo, wakaniambia hongera, chuma kinang'aa. Zamzamu alikuja mbio na hina mikononi, akapiga magoti kando ya kigari, akampa Baba mkono kama ile mikono ya asubuhi. Baba akaubusu, akasema tu, "Kaka yangu ameifunga nikaha vizuri?" Zamzamu akasema ndiyo. Mimi hakuniangalia.

Nimekirudisha kifuniko cha zamani, chenye kutu na kitundu chake. Pikipiki haijazimika tangu siku ile, na ukija Makindye nitakuonyesha kila kitu, nitakufundisha kwa moyo mmoja na wala usikate tamaa na yako. Baba nimemwomba mara nyingi nimzungushe kidogo, hata mpaka sokoni. Ananishukuru kila mara. Mara ya mwisho alinipapasa bega, akasema, "Siku niliyokuwa na pa kwenda imekwisha pita, mwanangu."

Basi nimeapa. Chombo cha kubembelezwa nitakipanda peke yangu, siku nisiyongojwa na mtu. Na lile neno langu la dakika mbili nimelitupa. Mtu akinikuta nimeinama kando ya barabara akaniuliza bado kiasi gani, namjibu sijui, tafadhali, mpeleke mzee kwa gari.