Mamluki Kutoka Mtanda

Chekeni tu jamani, mimi nilishalia yakaisha, ila kama kuna mtu bado ana ile video kwenye simu yake naomba aifute, maana imefika mpaka kisiwani Songo Songo, ambako sijawahi hata kukanyaga, na nasikia huko wananijua kama kapteni wa mamluki.

Chuo chetu (jina silitaji, kimeshaaibika vya kutosha) hakikuwahi kufika fainali ya netiboli tangu kianze. Mwaka ule tukafika, na sababu ilikuwa moja tu, Tunu, mfungaji wetu, binti mrefu, mkimya, anayetumbukiza mpira kwenye pete kama anatia chumvi kwenye mboga. Alikuwa mwaka wa mwisho. Watu wa kuchagua timu ya kanda walikuwa wanakuja siku hiyo Lindi mjini kumtazama, na alishaniambia kwamba nafasi nyingine hana. Mimi ndiye kapteni, basi nikajipa kazi ya kuhakikisha hatufungwi.

Asubuhi ya fainali mlinzi wetu, Rehema, akaamka na malaria. Mchezaji wa akiba tulikuwa naye, Somoe, mzima wa afya na raba ameshavaa, ila Somoe mpira ukimjia anafumba macho. Sasa mimi, kwa akili yangu hii mnayoiona, nikakumbuka kuwa mama yangu mdogo anakaa Mtanda, hapo hapo jirani, na enzi zake alikuwa mlinzi wa kuogopwa. Nikampigia. Akasema, "Ngoja niepue maandazi, nakuja." Alipofika nikampa kitambulisho cha Rehema, mwaka wa pili, umri miaka ishirini na moja, nikamwambia picha imefifia, nani ataangalia? (Mama mdogo ana miaka thelathini na saba na kitambi cha heshima. Kizibao kilikwama kwapani, tukakifumua mshono na kukishikiza kwa pini.) Nikawaapisha wenzangu wote wamwite Rehema, kavu kavu, bila shikamoo. Tunu peke yake aliuliza, "Kapteni, ni lazima?" Nikamwambia atulie, namtengenezea maisha.

Na kweli kitambulisho kikapita. Majina yakasomwa, mama mdogo akaitika "Nipo!" kwa sauti ya kuamsha mtaa. Timu zikajipanga kupeana mikono, huku katibu wa mashindano, mzee mmoja wa miwani, akipita na daftari lake, na mkuu wetu wa chuo pembeni yake anatabasamu mpaka jino la mwisho. Basi mlinzi wa wapinzani, binti wa Milola aliyefunzwa akafunzika, akafika mbele ya mama mdogo, akashtuka, akapiga goti pale pale mchangani.

"Shikamoo, mama Shaibu!"

Na mama mdogo tangu azaliwe hajawahi kuacha shikamoo ya mtu ipite bila kuitikiwa. "Marahaba, mwanangu! Mama kapona mguu?"

Katibu akasimama. "Mama Shaibu ndiye nani?"

"Jina la utani hilo, mzee," nikadakia haraka.

Tungeishia hapo tungepona. Lakini mzee akauliza kwa upole, "Na huyo Shaibu yupo?" Wallahi sijui nani alimtuma, maana kwa mwezi mzima mama mdogo alikuwa hakutani na mtu bila kumsimulia matokeo ya mwanawe.

"Yupo, mzee wangu, kidato cha pili! Miaka kumi na minne tu, na hesabu kawa wa kwanza!"

Katibu akakitazama kitambulisho, akamtazama mama mdogo, akakitazama tena. "Rehema, ulimzaa ukiwa na miaka saba?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na simu zikainuliwa kurekodi. Mama mdogo akahesabu kwa vidole, akaona kweli pana tatizo, akasema, "Basi muandikie kumi." Pini nayo ikafyatuka. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini, na hapo ndipo nilipomwona mkuu wa chuo hacheki.

Adhabu zilisomwa ukumbini wiki iliyofuata. Kombe wapewe wapinzani. Chuo kifungiwe michezo yote miaka miwili, hata mpira wa miguu wa wanaume, ambao walikuwa wamebakiza mechi moja waingie fainali (hawakunisalimia mpaka namaliza chuo). Mimi nikavuliwa ukapteni na kuamriwa kusoma barua ya kuomba radhi mbele ya chuo kizima, nikaisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilipofika kwenye neno Shaibu kicheko kilinishinda. Mama mdogo kafungiwa maisha, na anajisifia mtaani: "Nyie mmepewa miaka miwili tu, mimi maisha!"

Wale watu wa kanda waliondoka mpira haujarushwa. Jioni ile ile ya fainali nilimfuata Tunu chumbani kumwomba radhi, nikamkuta anafua sare yake ambayo hakuichezea hata dakika moja. Akasema amenisamehe. Kisha akaniuliza, "Somoe angefungisha mangapi?"

"Labda kumi," nikasema.

"Mimi ningefunga ishirini."

Akaendelea kufua. Nilitoka mle ndani nimeapa, na sijavunja: timu nitashangilia, kuipanga sitaipanga tena.