Siku ya Wazazi, Siku ya Watoto

Katika mazishi niliyohudhuria hivi karibuni, mzungumzaji mmoja alidai kwamba ukumbi mkubwa wa dansi wa mji wa Kisii ulikaribia kufa mwanzoni mwa miaka ya sabini kwa sababu ya wivu wa watu wa leseni. Waombolezaji wakacheka. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa leseni, na sikucheka. Leseni ya ukumbi ule haikuchelewa mezani pangu hata mara moja. Ninajua kilichouangusha na kilichouinua, tena ninakijua vizuri kuliko wengi, maana nusura kininyime mke.

Ukumbi ulijengwa na mfanyabiashara Mwislamu, mzaliwa wa pwani, aliyekuja kwetu kuuza nguo akakaa. Mara baada ya uhuru ulikuwa na santuri na taa za rangi. Kisha ikaja bendi yenye magitaa ya umeme. Sakafu yake haikuwa na mfano. Kila Jumapili alasiri, kabla ya milango kufunguliwa, ilinyunyiziwa unga wa yale mawe laini yanayochongwa Tabaka, na viatu vikateleza kama vimepakwa siagi. Walimu, wauguzi na makarani walikuja hata kutoka Kenyenya na Nyamira. Tulikuwa wa kizazi kimoja, na hilo ndilo lililotupa raha, ingawa hakuna aliyelitaja.

Kisha majani chai yakaanza kulipa. Baba zetu wakanunua viatu vipya, wakaja kuona ni nini hicho kinachosifiwa.

Hapa sharti nimweleze asiyekuwa Mgusii, au Mkisii kama wengine wanavyotuita. Tuna jambo tunaloliita chinsoni, yaani haya na staha baina ya wazazi na wana. Mzazi hamtazami mwanawe akicheza dansi, wala mwana hamtazami mzazi. Na mzazi si baba aliyekuzaa peke yake. Ni kila mtu wa kizazi chake katika ukoo. Basi alipoingia mzee mmoja, nusu ya wachezaji walitokomea kupitia jikoni. Baada ya muda wazee nao waliona aibu, wakaacha kuja, lakini vijana wengi hawakurudi, kwa hofu. Bendi ikawa inavipigia viti.

Mwenye ukumbi hakuelewa. Alibadilisha bendi. Alipaka kuta rangi mpya. Alipunguza bei ya soda. Mwishowe alinijia ofisini.

"Bwana karani, Wakisii mmeniroga?"

"Hatujakuroga."

"Mbona mnaingia kwa mlango wa mbele na kutokea jikoni? Mpishi wangu amechoka kuwafungulia!"

Yeye alikuwa wa umri wa baba yangu. Mambo ya chinsoni hayaelezwi na kijana kwa mtu kama huyo. Kuyaeleza kwenyewe ni kuyavunja. Nilimshauri amuulize mpishi, Mgusii mwenzetu wa makamo. Akaniambia hawezi kwenda kuulizia biashara yake kwenye sufuria.

Wakati huo nilikuwa nimeposa mwalimu mmoja wa upande wa Kebirigo. Wazee walikuwa wameshakubaliana kuhusu ng'ombe, na kilichosalia kilikuwa kikao cha mwisho. Jumapili moja, tukiamini kwamba wazee hawaji tena, nilimpeleka kwenye dansi. Tulikuwa katikati ya sakafu, mkono wangu kiunoni mwake, mlango ulipofunguka akaingia baba yake.

Jikoni palikuwa mbali. Mwenye ukumbi, aliyefurahi kupata mteja mwenye koti zuri, alimrukia.

"Karibu mzee wangu, karibu! Usikae peke yako kama mgeni. Kaa hapa karibu na vijana. Hawa wawili wanacheza, utapenda!"

Akamwekea kiti mbele yetu kabisa, magoti yake karibu yaguse gauni la binti yake.

Nilisimama kama kinyago. Hakuna baba anayeweza kuketi kikaoni kumwoza binti yake kwa mtu aliyemwona amemkumbatia. Neno moja la mzee, na posa ingekuwa imekwisha. Yeye aliinua uso, akatazama dari.

"Bwana, humu ndani mna giza. Sioni kitu."

"Giza gani, mzee? Huu ni mchana, madirisha yote yako wazi!"

"Nimesema sioni. Nishike mkono unitoe."

Akatolewa akipapasa viti, mtu aliyeweza kuona jani moja bovu katika kikapu cha chai akiwa ng'ambo ya kijito. Mpishi aliyekuwa akichungulia alicheka hata sufuria ikamponyoka, na hapo ndipo bosi wake alipomuuliza hatimaye kulikuwa na nini.

Sikupata usingizi mzuri hadi siku ya kikao. Mzee alimaliza chai yake polepole, kisha akanigeukia.

"Juzi nilifika mjini. Sikuona mtu ninayemjua. Wewe je?"

"Mimi pia, tata, sikumwona mtu," nilijibu, nikimwita baba kwa lugha yetu.

Dada yake, mwanamke asiyefungika kinywa, akadakia: "Nasikia ulishikwa mkono kama kipofu!"

"Ni vumbi la yale mawe," mzee alijibu. "Limeshatoka. Sasa tuimalize habari ya ng'ombe."



Mwenye ukumbi alifuata ushauri wa mpishi wake. Siku ya soko ikawa ya wazazi, Jumapili ikawa ya watoto, na mpishi, aliyezijua koo zote, akawekwa mlangoni kumrudisha aliyekosea siku. Ukumbi ulijaa tena, na ulikuwa bado umejaa nilipohamishwa miaka mingi baadaye. Ofisi yetu haikuhusika kwa vyovyote na anguko lake.

Baba mkwe wangu alikuwa akienda siku ya soko. Nimeambiwa kwamba alicheza vizuri sana. Sikuwepo, wala sikupaswa kuwepo, kwa hiyo siwezi kuthibitisha.