Upanga Nyuma ya Shuka

Kaka yangu alikataa kula kwa mkono wa kushoto. Kiharusi kilikuwa kimeulaza upande wake wote wa kulia, na bintiye alipojaribu kumlisha, alifunga mdomo akageukia ukuta. Daktari alikuwa amesema asipoanza kula vizuri kufikia Jumatatu, atatiwa mrija wa chakula puani. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Nilitoka kwangu Witeithie nikiomba njia nzima hadi Kamakis, kwa bintiye, na kila nilipofika katikati ya ombi nilisahau nilikuwa nimeanzia wapi.

"Tata, afadhali umekuja," bintiye akaniambia mlangoni. Ndivyo anavyoniita, mimi shangazi yake. "Uji wa asubuhi uko vile vile. Ananiambia yeye si mtoto wa kulishwa."

"Na ule mkono mzima?"

"Anasema huo si mkono wa mezani."

Nilijua maneno hayo yalitoka wapi. Baba yetu hakuruhusu mtu apokee hata chumvi kwa mkono wa kushoto. Naye kaka, mzee wa kanisa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, amefundisha watoto wengi kutoa sadaka kwa mkono wa kulia.

Lakini nilikuwa na tumaini moja. Tulipokuwa wadogo, katika shamba la mkonge nje ya Thika, gari la sinema lilikuja jioni moja, wakatundika shuka nyeupe kati ya nguzo mbili. Filamu ilikuwa ya Marekani, ya mabaharia na mapanga. Shujaa wake alikuwa na sharubu nyembamba na shati lililofunguka kifuani, na alicheka hata ncha ya upanga ikiwa kooni mwake. Tena alipigana kwa mkono wa kushoto. Kaka alimpenda kwa hilo. Alinifukuza shambani na kijiti mkononi, mkono huo huo, hadi baba alipokivunja. Hata uzeeni aliwaambia wajukuu kwamba yule wa mkono wa kushoto aliwashinda wote.

Basi nilimwomba bintiye aitafute filamu hiyo mtandaoni. Aliipata, akaiweka kwenye televisheni. Tulimwegemeza kaka kwa mito, nikaweka bakuli la uji mzito mapajani mwake na kijiko upande wa kushoto.

Shujaa akaruka kutoka kwenye kamba, akachomoa upanga. Kwa mkono wa kulia.

Nilisogea karibu na kioo cha televisheni, nikidhani macho yangu ndiyo mabovu. Wa kulia.

"Si yeye," kaka akasema, maneno yakitoka kwa shida upande mmoja wa mdomo. "Zima."

"Ni yeye, baba, hata jina limeandikwa," bintiye akasema.

"Zima, nimesema."

Nilikuwa nimelichukua jambo pekee alilolipenda nikamharibia, na Jumatatu ilikuwa inakaribia. Nilimwita Mungu kimoyomoyo, bila maneno. Ndipo nikakumbuka tulipokuwa tumeketi. Viti vya mbele vilikuwa vya makarani na manyapara na familia zao. Sisi, watoto wa vibarua, tuliketi chini upande wa pili, nyuma ya shuka. Tuliona kila kitu kikiwa kimegeuka, kulia kuwa kushoto.

Sikueleza. Nilitoa kioo cha kuvalia ukutani, kile kikubwa, nikasimama kando ya kitanda nikakiinua mbele ya kaka, nikakiinamisha hadi televisheni ikaonekana ndani yake.

"Tata, kitakuangukia!"

"Niache. Haya, kaka, tazama."

Alitazama. Nusu ya uso wake iliyo hai ikaanza kucheka.

"Huyo," akasema. "Huyo sasa."

Mimi sikuiona filamu. Nilisikia vyuma vikigongana kwenye ngazi za ngome, nikamchungulia kaka kando ya kioo. Mkono wake wa kushoto ulitambaa juu ya blanketi, ukashika kijiko jinsi mtu anavyoshika mpini. Uji ulimwagika shingoni. Kijiko cha pili kilifika mdomoni. Nikasubiri koo lipande na kushuka, nikiogopa atapaliwa, nikisema asante kabla sijajua kama kuna la kushukuru. Koo likapanda. Likashuka.

Mikono yangu ilianza kutetemeka, na shujaa naye akatetemeka kiooni.

"Usitikise," kaka akasema, mdomo ukiwa umejaa.

Bintiye akaja akasimama nyuma yangu, akanishika viwiko kwa chini. Bakuli lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu, na vita vile, nilivyokumbuka mimi, vilikuwa karibu kwisha.

"Vikiisha," nikamnong'oneza, "rudisha mwanzo."