Siku Nilipomwagia Mama Mwenyekiti Dopamini

Hadi leo nikimwona Mama Akinyi sokoni najificha nyuma ya robota la mitumba, na nikiwaambia sababu mtanicheka, lakini chekeni tu, nishazoea.

Baba yangu mkono wake wa kulia hutetemeka. Ni ugonjwa, daktari alishasema, lakini mtaani kwetu hapa Nakuru watu walishaamua ni pombe ya chang'aa (baba huyu ambaye hata soda humsumbua tumbo), naye kwa aibu akaacha kwenda kanisani. Basi akina mama wa kanisa walipokuja kutuombea nyumbani, mimi, mwanafunzi wa baiolojia chuoni kule Njoro, nikajiona mkombozi: nitawaeleza dopamini, ile kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili, tena kwa mfano. Nikajaza baluni maziwa. Maji yangetosha, lakini eti nilitaka yaonekane vizuri.

Kila mama nikampa baluni yake.

"Hivi ni vifuko vilivyo ndani ya neva," nikaanza. "Dopamini inasukumwa humo, inafungiwa, inangoja. Umeme ukifika, kifuko kinasogea hadi ukingoni, kinafunguka, kinamwaga, neva ya pili inapata ujumbe, na mkono unasonga bila shida."

Niliposema kinamwaga nikachoma kwa pini baluni ya Mama Akinyi, mwenyekiti mwenyewe, nikidhani maziwa yatadondoka polepole kwenye beseni nililoweka miguuni pake. Wapi! Yalimrukia usoni, yakapita kwenye wigi mpya, yakashuka hadi kwenye sare, na wenzake kwa mshtuko wakaminya zao, pa pa pa, vitambaa vya makochi, Biblia, chapati, vyote vikaloa, na paka wetu akaingia kama aliyealikwa.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Akinyi akajifuta jicho moja, akamwangalia baba, ambaye mkono alikuwa ameuficha ndani ya koti.

"Kwa hivyo mzee, hii dopamini yako imeisha huko kwa kichwa?"

"Imepungua. Neva zenyewe ndizo zinakufa."

"Na si pombe."

"Mama, mimi sijawahi kuonja."

"Na mimi ndio nilikuwa nasema ni pombe," akasema taratibu. Akainuka, maziwa yakimtiririka, akautoa ule mkono kwenye koti, akaushika kwa mikono yake miwili, akaomba hivyo hivyo, ukitetemeka, mpaka amina. Nililia, siwafichi.

Jumapili baba alienda kanisani. Mimi nilibaki nikifua vitambaa (harufu msiniulize), na nimeapa, sayansi nitaifundisha kwa maharagwe, tena makavu.