Mkono wa Shangazi kwenye Lebo

Kwenye wasifu ninaowapa wateja imeandikwa kuwa mimi ni wakili wa miliki ubunifu, mwenye shahada mbili. Vyeti si vya kughushi. Ila wasifu hausemi kwa nini niliisomea hiyo shahada ya pili, na jibu lake ni hasira.

Shangazi yangu alikuwa akitengeneza achari ya maembe nyumbani kwake Mbagala. Kwenye lebo aliweka picha ya mkono wake wa kulia, wenye bangili tatu, ukichota achari bakulini. Watu hawakuhangaika na jina, walifika dukani wakasema, "Nipe ile ya mkono." Wakati huo mimi nilikuwa wakili mchanga, ofisi yangu Kinondoni juu ya saluni, nikiandika mikataba ya viwanja vya Goba. Aliponiomba nimsajilie biashara, nilimsajilia jina la biashara, nikamkabidhi cheti.

"Tayari shangazi, umeshasajiliwa. Hakuna wa kukugusa."

Mjinga mkubwa mimi! Jina la biashara ni kitu kimoja, alama ya biashara ni kitu kingine kabisa. Cheti kile hakikuulinda ule mkono hata kidogo. Nilifundishwa hilo chuoni, nikalipita juu juu kwa sababu halikutoka kwenye mtihani.

Mwenye duka mmoja aliyekuwa akiuza achari ya shangazi hakulipita juu juu. Alikwenda akausajili mkono ule kuwa alama yake, akaanza kutengeneza achari yake mwenyewe. Tangazo la usajili lilitoka kwenye jarida ambalo shangazi hajawahi kuliona, na muda wa kupinga ukaisha. Kisha ikaja barua ya wakili wake: shangazi aache mara moja kutumia picha ile. Na huyo bwana ndiye aliyekuwa akimwamkia shikamoo kila shangazi alipompelekea mzigo! Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Shangazi aliniletea barua ofisini, akanyoosha mkono juu ya meza yangu, bangili zikalia.

"Mwanangu, kwani huu wa nani?"

Kosa lilikuwa langu, na yeye hakunilaumu hata siku moja, jambo lililonikera zaidi. Nikarudi darasani, safari hii nikasoma kila mstari. Kesi ilichukua miaka, na miaka yote hiyo duka lile liliuza "ile ya mkono" huku shangazi akiuza chupa zisizo na lebo. Mwishowe tukashinda. Alama ya yule bwana ikafutwa, nikamsajilia shangazi ya kwake, sawasawa.

Wiki ileile tulipeleka chupa sokoni Mabibo, lebo zikiwa zimerudi. Dada mmoja alionja, akalamba kidole, akatabasamu.

"Mama, mmeiga vizuri jamani. Imebaki kidogo tu ifanane na ile orijino."

Nilifungua mdomo nimweleze sheria. Shangazi akaniwahi, akamwambia asante.